Leseni ya Udereva, "Chai" ya Dirishani na Hukumu Zake



Sifa zote njema ni za Allaah (S.W.), na swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na swahaba zake wote. Amma baad:

Katika wiki chache zilizopita yametufikia masuala matatu ambayo, ukiyatazama vizuri, yote yametoka mlango mmoja, nao ni mlango wa ofisi ya leseni za udereva.

La kwanza ni la mama mmoja wa Pemba. Mwanawe amefanya mtihani wa pikipiki na amefaulu, fedha za serikali ameshalipa na risiti anayo mkononi, lakini kila akienda anaambiwa faili lake halionekani. Mara ya tano akavutwa pembeni akaambiwa kwamba faili lina miguu, likipewa nauli litakuja lenyewe. Mama anauliza: tukitoa, na sisi tutaingia katika laana? Kijana ana mke na mtoto mchanga, pikipiki ni ya mtu, na mwenyewe anataka hesabu yake ya kila siku.

La pili ni la kijana wa Unguja anayeendesha gari ya kuchukua wageni kupeleka mahoteli ya kaskazini. Leseni anayo, lakini hakutahiniwa. Alitoa fedha na picha mbili, na baada ya siku chache akaletewa leseni barazani. Sasa ameoa, amesikia darsa, na roho inamsuta. Anauliza kama mshahara wake ni halali.

La tatu limetoka kwa mtumishi wa ofisi kama hiyo. Anasema yeye haombi mtu kitu. Watu wenyewe, wakishapata leseni zao, humwachia "ya soda" mezani kwa furaha. Je, kuna ubaya?

Tumeona tusijibu kabla ya kueleza yaliyotukuta sisi wenyewe, maana ni rahisi kukaa juu ya kiti cha darsa ukawatolea watu hukumu za foleni ambayo wewe huipangi.

Leseni yetu iliisha muda. Tukenda ofisini asubuhi mapema, tukakuta watu wamekwishapanga foleni tangu baada ya Alfajiri. Siku ya kwanza tuliambiwa mtandao haupo. Siku ya pili mtandao ulikuwapo, lakini mwenye kupiga picha alikuwa na dharura. Siku ya tatu tulilifikia dirisha, likafungwa mbele ya uso wetu saa sita na robo, tukaambiwa watu wanakwenda kuswali. Tukasema alhamdulillaah, nasi tukenda msikitini. Tukaswali Adhuhuri na sunna zake, tukarudi, dirisha limefungwa. Lilifunguliwa saa nane na nusu. Tunasema hili kwa uchungu: swala ya Adhuhuri haichukui saa mbili, na anayeifanya swala kuwa pazia la kukimbia kazi anayolipwa mshahara anawafanya watu waichukie swala.

Siku ya nne ndiyo tunayotaka kuieleza. Tulikuwa wa kumi na kitu katika foleni. Mbele yetu alikuwapo mzee mwenye mkongojo, na nyuma yetu mwanamke aliyebeba mtoto, ametoka shamba kwa gari mbili. Mara akatokea kijana ndani akatuita, "Maalim! Maalim, pita huku." Tulimsomesha chuoni, juzuu ya Amma aliimaliza kwetu. Akatushika mkono akatuingiza kwa mlango wa nyuma, tukapewa kiti na maji baridi, na kwa muda usiozidi robo saa kila kitu kikawa tayari. Hatukutoa hata senti moja. Tukatoka tukimwombea dua.

Tulipopita nje, yule mwanamke alikuwa bado pale pale, mtoto amelala begani. Akatutazama kidogo, kisha akatazama chini. Hatukulala vizuri usiku ule.

Kwa nini? Si fedha tu zinazoweza kupindisha haki. Allaah (S.W.) ametaja katika Suratun-Nisaa, aya ya 85, uombezi mwema na uombezi mbaya, na kila mmoja una sehemu yake kwa anayeuombea. Kumsaidia mtu afikie haki yake aliyozuiliwa ni uombezi mwema. Kumpitisha mbele ya wenzake waliomtangulia, kwa sababu tu ni ndugu, ni mtu wa kijijini kwenu au ni maalim wako, ni kumchukulia mtu mwingine kitu chake. Zamu ni haki. Katika Bukhaari na Muslim imo habari ya Sahl bin Sa'd (r.a.): Mtume (S.A.W.) aliletewa kinywaji, kuliani kwake amekaa kijana na kushotoni wamekaa wazee. Zamu ilikuwa ya aliye kulia. Mtume akamwomba ruhusa kijana yule ili awape wazee kwanza. Kijana akakataa, hakutaka kumwachia mtu fungu lake litokalo kwa Mtume, na Mtume akamtia chombo mkononi. Wazee wakangoja. Sisi tumekuwa tukiisoma hadithi hii darasani kwa miaka mingi, katika mlango wa adabu za kunywa, na hatukuwahi kuifikiria kama ni hadithi ya foleni.

Basi tumetubia, na kijana wetu tumemwambia kwamba siku nyingine akituona atuletee kiti pale pale tulipo, kisha amletee kiti na yule mwenye mkongojo.

Tuje kwenye masuala.

Rushwa, au mlungula kama walivyokuwa wakiita wazee wetu wa pwani, imekatazwa kwa Qur-aan na Sunna. Katika Suratul-Baqarah, aya ya 188, Allaah anakataza watu kuliana mali kwa batili na kuzifikisha kwa wenye kuamua ili wapate kula sehemu ya mali za watu kwa dhambi. Na katika hadithi ya 'Abdullaah bin 'Amr (r.a.), waliyoipokea Abu Daawud na Tirmidhiy, Mtume (S.A.W.) amemlaani anayetoa rushwa na anayeipokea. Ipo riwaya nyingine, ya Thawbaan kwa Imaam Ahmad, inayomuongeza mtu wa kati anayewaunganisha. Isnadi yake wanazuoni wameidhoofisha, lakini maana yake inaeleweka hata bila riwaya, kwa sababu anayesaidia dhambi ni mshirika ndani yake.

Hapa panahitaji kutulia kidogo, maana watu wengi husoma hadithi hii wakadhani kila anayetoa ni sawa na mwenzake. Wanazuoni hawakuifahamu hivyo. Walitofautisha baina ya anayetoa ili apate kisichokuwa chake, au amnyang'anye mwingine kilicho chake, na anayetoa ili ajiepushe na dhulma au aifikie haki iliyokwishathibiti kuwa ni yake lakini imeshikwa. Wa kwanza ndiye anayeingia katika laana bila shaka. Wa pili, jamhuri ya wanazuoni wamesema dhambi ni ya anayepokea peke yake. Al-Khattwaabiy, katika sherehe yake ya Sunan Abi Daawud, ametaja kwamba Ibn Mas'uud (r.a.) alikamatwa Habasha katika jambo fulani akatoa dinari mbili ili aachiwe, na akataja kuwa Al-Hasan, Ash-Sha'biy, Jaabir bin Zayd na 'Atwaa hawakuona ubaya mtu kuikinga nafsi yake na mali yake kwa kutoa, akichelea kudhulumiwa. Jaabir bin Zayd huyu ni yule aliyetoka Oman akakaa Basra, ambaye ndugu zetu wa Kiibadhi wanamhesabu kuwa imamu wao wa mwanzo. Kwa hiyo jambo hili halina mtu wa madhehebu moja hapa visiwani anayeweza kusema kwamba kwao halijulikani.

Wako waliokataa ruhusa hiyo. Ash-Shawkaaniy katika Naylul-Awtwaar ameona kwamba hadithi imekuja kwa ujumla, na asiyeleta dalili ya kuwatoa baadhi ya watu hana haki ya kuwatoa. Kauli yake ina uzito kuliko watu wanavyodhani, hasa katika nchi ambayo kila mtu akijipa ruhusa basi dirisha haliishi kudai. Sisi tunaielekea kauli ya jamhuri, lakini kwa kamba fupi sana.

Mama wa Pemba, sikiliza vizuri. Haki ni ya mwanao, kwa sababu amefaulu na amelipa. Hilo limethibiti. Lakini ruhusa waliyoitoa wanazuoni ni ya mtu aliyefungiwa njia zote, si ya aliyechoka na njia ya kwanza. Umemfikia mkuu wa ofisi? Kutokana na barua yako hujamfikia, umeishia dirishani. Aende kijana na risiti yake, aandike barua ya ukurasa mmoja: jina lake, tarehe ya mtihani, namba ya risiti, tarehe zote tano alizokwenda na alichoambiwa kila mara. Nakala moja apigiwe muhuri wa kupokelewa, abaki nayo. Mara nyingi faili lililopotea huonekana siku barua inapopigwa muhuri. Ikishindikana, ipo ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa na uhujumu wa uchumi hapa Zanzibar, iliyoundwa kwa Sheria namba 1 ya mwaka 2012, na kazi yake ni mambo kama haya. Mkumbuke pia kwamba sheria ya nchi haimwachi anayetoa. Mtu anaweza kuwa na udhuru mbele ya Mola wake na bado akajikuta mahakamani.

Ikiwa haya yote yamefanywa na mlango bado umefungwa, na madhara ni ya kweli, mtoto hana maziwa na mwenye pikipiki anataka kuichukua, basi kwa kauli ya jamhuri mtakachotoa ni madhambi juu ya aliyekishika faili, na nyinyi mnatoa hali ya kuchukia. Isiwe katika kutoa huko mnaruka zamu ya mtu mwingine. Mkiruka, mmetoka kwenye ruhusa mmerudi kwenye laana.

Tumeulizwa mara nyingi pia kuhusu wale vijana wanaokaa chini ya mwembe nje ya ofisi, wanaokujazia fomu na kukuhangaikia. Ujira wa kazi ni halali. Kijana anayejua fomu gani inakwenda wapi, akakuandikia, akakupigia kopi, akakusimamia foleni kwa zamu halali, huyo ni wakala na malipo yake ni jasho lake. Lakini muulize kabla hamjaafikiana: katika hizi fedha, za kwako ni ngapi na za serikali ni ngapi? Malipo ya serikali yana namba yake ya malipo na yana risiti. Ikibaki sehemu ya tatu ambayo hataki kuieleza, anasema tu, "Niachie mimi, utaipata," sehemu hiyo ndiyo mlungula, na wewe huwezi kujificha nyuma ya mgongo wake.

Sasa mtumishi aliyeuliza kuhusu soda. Ndugu yetu, tunakupenda kwa kuuliza, kwa sababu wengi hawaulizi. Jibu lako lilikwishatolewa juu ya minbari Madiina. Abu Humayd As-Saa'idiy (r.a.) amesimulia, na yamo katika Bukhaari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu mmoja aitwaye Ibnul-Lutbiyyah kukusanya zaka. Aliporudi akagawa mafungu mawili: hili lenu, na hili nimepewa zawadi mimi. Mtume akasimama akawahutubia watu, akahoji kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake akaona kama zawadi hiyo ingemfuata. Kipimo ni hicho hicho kwako. Lau ungekuwa umekaa barazani kwenu Jang'ombe, huna kalamu ya ofisi, yule mtu angekuja kukupa soda? Akiwa ni jirani yako aliyekuwa akikupa tangu zamani, hiyo ni zawadi ya ujirani. Akiwa hujawahi kumuona kabla ya siku ile, basi amekipa kiti, hakukupa wewe, na kiti si chako.

Utasema, wanatoa kwa furaha baada ya kazi kwisha, hawanunui kitu. Kweli, yule wa leo hanunui kitu. Lakini wa kesho, aliye nyuma yake, ameona noti ikiwekwa mezani na mwenye kuweka akitabasamiwa. Yeye ataweka kabla. Na wa kesho kutwa asiyekuwa nacho ataanza kujiuliza kwa nini faili lake linachelewa. Rudisha kwa upole. Na ulizokwishapokea, unaowajua warudishie, na usiowajua zitoe katika maslahi ya Waislamu bila kutarajia thawabu ya sadaka, kwa sababu hukuwa ukitoa mali yako.

Na tuongeze neno kwa wote waliokaa upande wa ndani wa dirisha, hata wasiokula kitu. Imepokewa na Abu Daawud na Tirmidhiy kwamba Abu Maryam Al-Azdiy (r.a.) alimwendea Mu'aawiyah (r.a.) akamhadithia aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.): kwamba aliyepewa jambo katika mambo ya Waislamu, akajificha na haja zao na umasikini wao, Allaah naye atajificha na haja yake na umasikini wake Siku ya Kiyama. Mu'aawiyah hakujadili. Aliweka mtu maalumu wa kusikiliza haja za watu. Mwenye ofisi anaweza kufanya hivyo kesho asubuhi kwa meza moja na mtu mmoja anayejua kusema ukweli: leo mtandao haupo, nendeni makwenu, msitoke tena shamba mpaka mtuulize kwa simu. Jambo hilo halihitaji bajeti.

Linabaki suala la kijana wa hoteli, na hili ndilo zito kuliko yote, ingawa yeye mwenyewe alidhani ni suala la mshahara tu.

Leseni si kibali cha kulipia kama cha biashara. Ni ushahidi. Aliyeitia saini anawashuhudilia watu wote kwamba huyu tumemtahini, anajua kushika usukani, macho yake yanaona, alama za barabarani anazielewa, mpandisheni watoto wenu. Ikiwa hakutahiniwa, huo ni ushahidi wa uongo, na Mtume (S.A.W.) alipotaja madhambi makubwa kwa Abu Bakrah na wenzake alikuwa ameegemea, akainuka akakaa alipofika kwenye ushahidi wa uongo, akaukariri mpaka wakatamani anyamaze. Kwa hiyo hapa hakuna ile khilafu tuliyoitaja juu. Aliyenunua leseni hakutoa ili apate haki yake. Alitoa ili apate kisichokuwa chake, na kilicho hatarini ni roho za watu.

Ama mshahara, wako wanazuoni wa zama zetu walioulizwa kuhusu mtu aliyepata kazi kwa cheti cha udanganyifu, wakasema kwamba akiwa kazi yenyewe anaiweza na anaifanya sawasawa, ujira ni wa kazi yake, na juu yake kuna toba ya ule udanganyifu. Tunaichukua kauli hiyo kwa fedha alizokwishazipata kwa jasho. Lakini hatuichukui kwa siku zinazokuja. Mwalimu wa cheti cha uongo akikosea, atasahihishwa. Dereva akikosea pale njia inapopinda, hakuna wa kumsahihisha.

Na lau angegonga mtu? Suratun-Nisaa, aya ya 92, imepanga hukumu ya aliyeua kwa makosa: diya kwa jamaa wa aliyekufa, ila wakisamehe, na kafara, ambayo leo kwa kuwa hakuna watumwa wa kuacha huru ni kufunga miezi miwili mfululizo, ukikatiza siku moja bila udhuru unaanza upya. Hiyo ni kwa mtu aliyekosea. Aliyeingia barabarani akijua kwamba hajatahiniwa ana mzigo wa ziada wa uzembe aliouchagua mwenyewe. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya kimataifa, katika kikao chake cha nane kilichofanyika Brunei mwaka 1993, ililizungumza suala la ajali za barabarani, ikaamua kwamba kuzifuata kanuni za barabarani zisizopingana na sharia ni wajibu wa kisharia. Si hiari, na si mambo ya polisi peke yao. Tunalieleza hili kwa sababu wapo vijana wanaofunga Jumatatu na Alkhamisi, na hawaoni tabu kuendesha bila leseni au kwa leseni ya kununua. Wanadhani hiyo ni dini na hii ni serikali.

Tulimjibu kwamba aache kuendesha kuanzia siku ile ile. Hakufurahi. Alituambia kuwa ana mkopo, kuwa wenzake wote wamepata hivyo hivyo, na kwamba anaendesha vizuri mwaka wa pili huu bila ajali. Tukamwambia, ikiwa unaendesha vizuri basi mtihani utakuogopesha nini?

Alinyamaza muda. Kisha akasema kwamba kurudi nyuma kwa gari, baina ya vijiti, hawezi.

Sasa anajifunza kwa mwalimu, kiwanjani, asubuhi kabla ya jua kali. Tajiri wake amempa kazi ya kupokea wageni bandarini kwa mshahara mdogo mpaka amalize, na gari anaiendesha mtu mwingine. Mtihani wa kwanza ameanguka, kwenye vijiti vile vile. Amepangiwa tarehe nyingine, na amekataa kwa mara ya pili kutoa kitu, maana alitakiwa tena. Tunamuombea Allaah amfanyie wepesi.

Wallaahu a'lam.